Kahawa ya Mbale: Wayahudi Wachache na Majirani Wao



Kwa wengi wetu hapa Kisii na Nyamira, Myahudi ni mtu wa Biblia: Musa, Amosi, Mariamu. Ukimwambia mzee fulani ati kuna Wayahudi Waafrika wanaolima kahawa kama yeye, atacheka kwanza. Lakini wako, tena si mbali. Ukipita Kisumu na Busia utafika Mbale, chini ya Mlima Elgon, upande wa Uganda. Tumeona tueleze habari zao kwa sababu shida iliyowakuta ndiyo inayovunja vikundi vyetu vingi: bei mbaya ya mazao, watu wa dini mbalimbali, na mweka hazina ambaye wenzake wanamshuku kwa kuwa anasali kwingine.

Wanaitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Mwanzo wao ni mwaka 1919, wakati Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyewahi kuwatumikia Waingereza, alipokata shauri kufuata Torati pamoja na watu wake. Katika miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku dini hiyo. Masinagogi yakafungwa, wengi wakageukia Ukristo au Uislamu, na waliobaki wakawa wanasali kwa kujificha. Amin alipoanguka mwaka 1979, walikuwa wamesalia mamia tu.

Sasa, watu wachache hivyo watapataje kusikika? Njia moja ni kuomba wenzao wa ng'ambo. Wayahudi wa Marekani wana mashirika ya kutetea haki ambayo hayawasaidii Wayahudi peke yao. Moja ni American Jewish World Service, lililoanzishwa mwaka 1985. Linatoa ruzuku kwa vikundi vya mashinani katika nchi maskini, na vikundi vya Kenya vimewahi kupata. Mwaka 2004 lilikuwa kati ya waanzilishi wa muungano wa kutetea watu wa Darfur, ambao wengi wao ni Waislamu. Kumbe hata neno letu sadaka, lililotujia kutoka Kiarabu, ni ndugu wa neno la Kiebrania tsedaka, na hilo shina lake ni haki. Kwa Wayahudi, kumpa maskini ni kumrudishia kilicho chake, wala si kumhurumia tu. (Wale wanaotoa harambee ili picha yao itoke gazetini wafikirie hayo.)

Lakini jambo la maana Mbale lilianzia kijijini, msaada ukaja baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa duniani ilianguka vibaya sana, hata mwaka 2001 ikashuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Nyinyi wakulima wa kahawa mnakumbuka; kuna waliong'oa miti wakapanda mahindi na ndizi. Wakati huo Myahudi mmoja wa Mbale, J.J. Keki, mkulima na mwanamuziki, alikuwa amefika New York siku ile ya tarehe 11 Septemba 2001, akaona yaliyotokea watu walipoua kwa jina la dini. Aliporudi nyumbani aliwatembelea majirani zake Wakristo na Waislamu, mlango kwa mlango, akiwaomba wauze kahawa pamoja. Mwaka 2004 wakaanzisha chama cha ushirika, wakakiita Peace Kawomera. Kawomera ni Kiganda, maana yake ni tamu.

Hapa ndipo tunataka msome polepole. Uongozi waliugawa baina ya dini zote tatu. Myahudi alikuwa mwenyekiti, lakini hakuachiwa na sanduku la pesa. Hata kama Wayahudi walikuwa wachache kuliko wote, hakuna aliyeweza kusema chama ni chao, na hakuna aliyeweza kusema si chake. Dini hazikuchanganywa: kila mtu alisali kwake na siku yake. Kilichochanganywa ni kahawa, vitabu vya hesabu na maneno ya mkutano.

Halafu soko. Mama mmoja Mmarekani, Laura Wetzler wa shirika la Kiyahudi la Kulanu, aliwapigia simu wauzaji wengi wa kahawa, wakikataa, mpaka kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California ikakubali kununua. Waliuza kwa mpango wa biashara ya haki, ambao wakati huo ulihakikisha bei isiyopungua dola 1.26 kwa ratili. Linganisheni na zile senti. Wanachama, ambao mwanzoni walikuwa mamia, baadaye walipita elfu. Wanawake walitunga nyimbo za kuwavuta wengine wajiunge, na mwaka 2013 zikatolewa Marekani katika santuri.

Na siasa? Keki alichaguliwa kuongoza tarafa yake, na mwaka 2016 Rabi Gershom Sizomu akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho North. Kwa idadi ya Wayahudi peke yao hakuna ambaye angepita. Walipigiwa kura na Wakristo na Waislamu.

Turudi kwetu. Kahawa imelimwa Gusii tangu miaka ya 1930, na wazee walikuwa na egesangio, kazi ya kusaidiana shambani, kabla ya serikali kutufundisha neno ushirika. Tatizo letu si kutojua kushirikiana. Tunajua chama kimoja, jina tunaliacha, kilichogawanyika mara mbili: kwanza Wasabato na Wakatoliki, halafu ukoo na ukoo. Kila kipande kikabaki na deni na mashine nusu. Na wenye mashamba ya chai kule Borabu hawajasahau mapema mwaka 2008, jirani wa Sotik alipogeuka adui kwa wiki chache, nyumba zikachomwa.

Kwa hiyo tunawaomba mfungue katiba ya kikundi chenu mwangalie. Je, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaweza kutoka kanisa moja au ukoo mmoja? Kama wanaweza, andikeni kwamba hawawezi. Watia sahihi benki wawe watatu, vilevile. Mkutano msiuweke Jumamosi wala Jumapili, kwani mtawafungia nje nusu ya majirani. Tena kaunti ikiita wananchi kwa habari ya bajeti, kama Katiba ya 2010 inavyodai, msiende kama kikundi cha parokia fulani. Nendeni na wale wa kanisa la ng'ambo ya mto, mkiwa na ombi moja lililoandikwa, iwe ni barabara ya kufikia kituo cha chai au daraja.

Vikundi vitakavyobadilisha katiba vituletee nakala kabla ya mkutano wa mwaka, tuzisome pamoja. Karatasi ya mkono inatosha, si lazima ichapwe.