Ukiitwa 'dag' nchini Australia, je, umetukanwa?

Mhamiaji aliyewasili Australia karibuni huenda akalisikia neno 'dag' kazini, au mwanawe akarudi nalo kutoka shuleni. Akiuliza maana yake, ataambiwa kwa kicheko kwamba ni mavi ya kondoo. Jibu hilo si la uongo, ila humwacha mtu akijiuliza kama ametukanwa.

Sufu ya kondoo huota hadi chini ya mkia. Kinyesi hunasa humo, kikakauka na kuwa madonge magumu yanayoning'inia; hayo ndiyo 'dag' ya wafugaji. Nzi hutaga mayai katika uchafu huo na mabuu yao humla mnyama angali hai, ndiyo maana sufu ya sehemu hiyo hukatwa mapema. Kondoo akikimbia, madonge hugongana na kutoa sauti. Hapo ndipo ulipozuka msemo wa kumhimiza mtu afanye haraka: tikisa 'dag' zako!

Hata hivyo, neno hilo linapotajwa kwa binadamu, huenda asili yake ni nyingine. Wataalamu wa Kituo cha Kamusi ya Taifa ya Australia, mjini Canberra, wanaona kwamba pengine lilitoka katika lahaja za Uingereza, ambako watoto waliita hivyo kitendo cha ustadi au cha ujasiri walichoshindania. Kondoo huenda alichangia baadaye tu. Kwa hiyo 'dag' wa awali wa Australia alikuwa mtu wa vituko, mwenye mwenendo wake wa pekee unaofurahisha wenzake. Maana ya mtu asiyejua mitindo, yaani mshamba, ilifuata baadaye, mnamo miaka ya 1960.

Katika nchi jirani ya New Zealand, maana ile ya kwanza ingali hai. Huko, katika miaka ya 1970, mchekeshaji John Clarke alipata umaarufu kwa kuigiza mkulima aitwaye Fred Dagg, mwenye fulana nyeusi na mabuti ya mpira. Watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa jina hilo. Clarke alihamia Australia mwaka 1977 na akaendelea kuchekesha huko hadi alipofariki mwaka 2017.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Nasi humwita rafiki 'kituko' akacheka, na neno lilo hilo likitoka kwa mtu baki likazua ugomvi. Mfanyakazi anayeambiwa na mwenzake kwa tabasamu kwamba yeye ni 'dag' kwa kawaida amekwisha kupokewa. Mwanafunzi anayeambiwa na kundi kwamba viatu vyake ni 'daggy' anadhihakiwa. Mzazi akilisikia neno hilo nyumbani, aulize kwanza nani alilisema, na kama mtoto naye alicheka.