Ukurasa Wako wa Intaneti: Uujenge Wapi, kwa Gharama Gani?

GeoCities, huduma iliyowapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao za intaneti, ilipofungwa Oktoba 2009, kurasa za mamilioni ya watu wa kawaida zilibaki bila makao. Yahoo ilikuwa imeinunua kampuni hiyo mwaka 1999 kwa mabilioni ya dola, na wapangaji wake wengi hawakuwahi kulipa hata senti. Sehemu kubwa ya kilichosalimika ilinakiliwa na watu wa kujitolea wa Archive Team, chini ya Jason Scott. Kwa hiyo anayetamani leo kuonja tena raha ya kuandika HTML kwa mkono, akaweka picha zake na mashairi yake bila kuwindwa na matangazo, asiulize bei peke yake. Aulize pia: mwenye uwanja akiuza, nitaondoka na nini?

Mahali rahisi pa kuanzia ni Neocities, iliyoanzishwa na Kyle Drake mwaka 2013. Bila malipo unapata gigabaiti moja, na kwa maandishi na picha ndogo hiyo haijai upesi. Matangazo hakuna. Utakachokosa ni jina lako mwenyewe la kikoa, na aina kadhaa za mafaili, muziki na video zikiwemo. Ukizitaka hizo, ni dola 5 kwa mwezi, yaani 60 kwa mwaka, na jina la kikoa unalinunua kando. Kwangu mimi, anayejifunza hana sababu ya kulipa mwaka wa kwanza. Faida yake kubwa iko kwingine: unaweza kufuata kurasa za wenzako, ukaona walivyoziunda, ukawaachia neno nao wakakujibu.

SDF, seva ya pamoja ya Unix ambako pia unaweza kuweka ukurasa wako, ni ya watu wa aina nyingine. Ilianza mwaka 1987 kwenye kompyuta moja ya Apple IIe, ikiwa kijiwe cha wapenzi wa katuni za Kijapani, na hadi leo inaendeshwa kwa michango ya wanachama. Akaunti ya kuanzia ni bure. Uanachama wa kudumu ni dola 36, unalipa mara moja tu. Linganisha: Neocities ya kulipia itakuwa imemeza dola 300 katika miaka mitano. Ila hapa hakuna vitufe vya kubofya. Utaandika amri za Unix, utakwama, utauliza, na utajibiwa na watu walioupenda mfumo huo kabla hujazaliwa. Kwa kijana anayetaka kazi ya kusimamia seva, sijaona darasa la bei nafuu kuliko hili.

Tilde.club, aliyoianzisha Paul Ford mwaka 2014, ina moyo uleule, nayo ni bure. Unaomba nafasi, unatuma ufunguo wako wa SSH wa kuingilia kwenye seva, unasubiri mtu apitie ombi lako. Anayesimamia seva hafanyi kwa mshahara, basi ukiweza kuchangia, changia.

Wengine watakuambia ujenge seva yako nyumbani kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Toleo lake la mwaka 2012 liliuzwa dola 35, na linakula umeme kidogo sana. Shida haiko kwenye kifaa. Kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mgeni wa nje hawezi kukufikia mpaka ulipie anwani yako au upitie seva ya mtu mwingine. Ongeza bando na betri ya kuvumilia umeme ukikatika, na kile cha bei nafuu kinageuka kuwa ghali kuliko vyote. Kinunue kwa ajili ya kujifunzia, lakini ukurasa wenyewe uweke kwingine.

Popote utakapochagua, andika kwanza kwenye folda ya kompyuta yako, halafu ndipo upandishe, na nakala ya pili iwe kwenye flashi. Ukinunua jina la kikoa, lisajiliwe kwa jina lako, si la fundi aliyekusaidia. Ukihama, wasomaji wataendelea kukupata kwa anwani ileile.