Nyoka wa Ndotoni: Je, Mawazo Hurithiwa?

Mama mmoja, kwa mfano, anafika katika kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Hapati usingizi. Anapoulizwa kwa upole, anaeleza kwamba kila usiku huota nyoka mkubwa aliyejiviringisha mlangoni, na kwamba jirani amemwambia nyoka huyo “ametumwa”. Mhudumu aichukulieje ndoto hiyo?

Carl Gustav Jung (1875–1961), daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uswisi, alifundisha kwamba chini ya fahamu ya mtu, na chini hata ya kumbukumbu alizozisahau, lipo tabaka la nafsi ambalo wanadamu wote huzaliwa nalo. Humo ndimo zilimo arketipu, yaani vielelezo vya awali: mama, mzee mwenye hekima, shujaa, kivuli. Wengi hudhani alimaanisha kwamba mtoto hurithi mawazo yaliyokamilika. Sivyo. Kinachorithiwa, kwa maelezo yake, ni mfano wa kalibu tupu. Udongo wa kuijaza hutoka katika malezi, lugha na mahali.

Ufipa inadhihirisha jambo hilo. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wafipa katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake Man and Beast cha mwaka 1974 kwamba chatu alikuwa mnyama mwenye uzito wa pekee katika ishara zao. Hakuwa adui tu. Alihusishwa na nguvu za kiroho. Leo wakazi wengi wa Ufipa ni Wakristo, nao wanamfahamu pia nyoka wa Edeni, mdanganyifu. Hivyo ndoto moja yaweza kuwa faraja kwa bibi na tishio kwa mjukuu wake.

Nadharia ya Jung haijathibitishwa kwa vipimo. Wakosoaji husema kwamba hadithi za mataifa hufanana kwa sababu maisha yenyewe hufanana: kila mtu huzaliwa na mama, hukua, hufiwa. Hata hivyo, majaribio ya Susan Mineka na Michael Cook nchini Marekani, katika miaka ya 1980, yanatoa mwanga. Kima waliolelewa maabara hawakuwa na hofu ya nyoka. Walipotazama picha za video za wenzao wakimwogopa nyoka, walijifunza hofu hiyo upesi. Video zilipohaririwa ili wenzao waonekane wakiogopa maua, hawakujifunza. Utayari ulikuwa wa kuzaliwa, hofu ilifundishwa.

Kutokana na hayo, mhudumu asiidharau ndoto wala asiifasiri kwa niaba ya mgonjwa. Amwulize: “Kwako wewe, mama, nyoka huyo ana maana gani? Ndoto ilianza lini? Nyumbani kumetokea nini?” Mara nyingi jibu hufichua msiba, deni au ugomvi. Ikiwa kuna homa na kuchanganyikiwa, apimwe malaria na maambukizi mengine bila kuchelewa. Ikiwa anasikia sauti akiwa macho, au huzuni imedumu zaidi ya wiki mbili, apewe rufaa ya huduma ya afya ya akili. Akiwa na mawazo ya kujiua, asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyo hiyo.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, lipo neno moja zito. Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa “tupa uchawi”, na katika baadhi ya mikoa ya Tanzania tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya wazee, hasa wanawake. Ndoto haimtaji mkosaji. Hueleza hofu ya aliyeota, kwa picha alizopewa na jamii yake. Jirani mzee anayeishi ng’ambo ya njia hahusiki na nyoka huyo, na asihukumiwe kwa sababu yake.