Distempa: ugonjwa wa mbwa ulioua simba wa Serengeti

Mapema mwaka 1994, watalii waliopanda puto Serengeti walimwona simba dume akigaagaa chini kwa degedege. Kabla ya mwaka kwisha, simba wapatao 1,000 walikuwa wamekufa, karibu theluthi ya simba wote wa mbuga ile. Vipimo vilionyesha kirusi cha distempa, ugonjwa wa mbwa. Ukame wa 1993 ulikuwa umewadhoofisha nyati na kuwajaza kupe. Simba waliowala waliambukizwa vimelea vya damu kwa wingi, huku distempa ikiwa imeshavunja kinga yao. Macho yakaelekezwa kwenye maelfu ya mbwa wa vijiji vya jirani, na kampeni ya kuwachanja ikafuata. Maambukizi kwa mbwa yalipungua, ingawa kirusi kiliendelea kuwafikia simba, kwa kuwa wanyamapori wengine nao hukibeba.

Kirusi hiki ni ukoo mmoja na kile cha surua, na kile cha sotoka iliyofyeka ng'ombe wa mababu zetu. Mbwa hukivuta mwenzake anapokohoa au kupiga chafya. Huanza na homa, macho yenye matongo, makamasi mazito, kikohozi, kuhara. Kisha mbwa hupata nafuu, mwenyewe akashukuru Mungu. Wiki kadhaa baadaye kirusi hujitokeza ubongoni: taya hutafuna pasipo chakula, mguu hurukaruka wenyewe, degedege humwangusha. Hakuna dawa ya kukiua. Daktari wa mifugo hupambana na upungufu wa maji, nimonia na degedege, na wengi hufa hata hivyo.

Linaloniuma ni kwamba wengi wa mbwa hao wana wenyewe wanaowapenda, na waliwapeleka kuchanjwa. Walichanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo ya kichaa ni ya lazima kabisa, lakini haizuii distempa hata kidogo, na siku ya kampeni ni nadra mtu kuambiwa hivyo. Mbwa akianguka kifafa, majirani husema kalishwa sumu au karogwa. Usimshike: kwa macho tu huwezi kujua kama ni distempa au kichaa, na kichaa huua watu. Mwite daktari.

Chanjo ya distempa huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha tena baada ya mwaka. Sindano moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuizima chanjo, na hakuna ajuaye itaisha lini hasa. Kwa kawaida chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, nacho huharibiwa na joto. Kwa hiyo unaponunua, uliza ilikaa kwenye friji ipi, na ibebe kwenye barafu hadi nyumbani. Mpaka dozi zikamilike, mtoto wa mbwa asiende mnadani wala machungani.