Usiache siku za rufaa zikupite

Ukishindwa kesi ya madai hapa Marekani, iwe ya nyumba, deni au mshahara, mara nyingi unaweza kukata rufaa. Lakini haki hiyo ina siku zake. Zikiisha, unaweza kuipoteza hata kama hukumu ilikuwa na makosa.

Siku ni ngapi? Inategemea mahakama. Katika kesi ya madai kwenye mahakama ya shirikisho, ni siku 30 tangu hukumu iingizwe kwenye daftari la mahakama, au 60 ikiwa serikali ya Marekani ni mmoja wa wahusika. Kesi nyingi za nyumba huamuliwa na mahakama za jimbo, na huko siku zinaweza kuwa chache sana. Texas, mpangaji aliyeshindwa kesi ya kufukuzwa katika mahakama ya chini ana siku 5 tu tangu hakimu asaini hukumu.

Siku yenyewe ya hukumu haihesabiwi. Anza kesho yake. Jumamosi na Jumapili zimo katika hesabu. Kwa hiyo huko Texas, hukumu ikisainiwa Jumatano, siku ya mwisho ni Jumatatu. Wengi wetu hukosea hapa: tunahesabu tangu barua ilipofika, au tangu mtoto aliporudi shuleni akatusomea.

Usitegemee neno la mdomo, hata la mkubwa. Keith Bowles, mfungwa wa Ohio, alikuwa akipinga kifungo chake kwa kesi ambayo sheria huihesabu kuwa ya madai. Jaji alimpa siku 17 za kuwasilisha rufaa, ingawa kanuni ziliruhusu 14. Yeye akawasilisha siku ya 16. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba alikuwa amechelewa.

Basi ukipata hukumu, fanya haya siku hiyohiyo:

- Tafuta tarehe ya hukumu na uizungushie duara.
- Muulize karani wa mahakama ni kanuni gani inayotaja siku za rufaa. Omba mkalimani.
- Piga simu ofisi ya msaada wa sheria, au tuletee barua yako.
- Kama huna pesa za ada, omba fomu ya kusamehewa ada. Usingoje mshahara.
- Peleka karatasi mwenyewe kabla ya siku ya mwisho, na urudi na nakala yenye mhuri.

Na kama umeshachelewa? Usikae kimya. Mahakama ya shirikisho inaweza kuongeza muda ukiomba ndani ya siku 30 baada ya muda kuisha, ukiwa na sababu nzuri. Majimbo yana kanuni zao. Muone mwanasheria leo, kwa sababu hata siku za kuomba msamaha huisha.