Kingamwili zinavyofichua kazi ya ubongo

Katika eneo la Tooting, kusini mwa London, chuo cha udaktari cha St George's kimehifadhi ngozi ya ng'ombe aliyeitwa Blossom.

Mwaka 1796 ng'ombe huyo alimwambukiza mkamuaji wake ndui ya ng'ombe, na usaha wa malengelenge ya msichana huyo ndio aliotumia Edward Jenner, aliyewahi kusomea St George's, katika jaribio lake mashuhuri la chanjo.

Jenner hakujua kingamwili ni nini. Hata hivyo, uwezo uleule wa mwili kumtambua mgeni ndio unaowasaidia wataalamu wa leo kuchunguza tishu za ubongo.

Seli za neva hupelekeana ujumbe kwa kemikali. Kemikali hizo ni ndogo mno, tena hupotea upesi, hivyo mara nyingi ni rahisi zaidi kukisaka kimeng'enya kinachozitengeneza: kulitafuta jiko badala ya kuufukuza moshi.

Dopamini, kwa mfano, huhitaji kimeng'enya kiitwacho tirosini haidroksilesi. Sungura hudungwa kimeng'enya hicho, naye huunda kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizo hutolewa katika damu yake na kumiminwa juu ya kipande chembamba cha tishu. Kisha hufuata kingamwili ya pili, iliyobeba rangi, ambayo huing'ang'ania ile ya kwanza.

Chini ya hadubini, seli zinazotengeneza dopamini hujitokeza wazi. Katika ubongo wa mtu aliyefariki akiwa na ugonjwa wa Parkinson, seli hizo huwa zimepungua sana.

Lakini rangi inaweza kudanganya. Kingamwili huweza kunasa protini nyingine inayofanana na ile inayotafutwa, ndiyo maana mtaalamu makini huijaribu pia kwenye tishu isiyo na kimeng'enya hicho. Picha ya kuvutia isiyo na jaribio hilo si ushahidi.

Kukosekana kwa rangi nako hakuthibitishi kifo: huenda seli ingali hai, ila imeacha kukitengeneza kimeng'enya.

Kipimo hiki cha ubongo ni cha utafiti, wala hakimsubiri mgonjwa aliye hai. Yeye hutambuliwa na daktari anayemtazama akitembea, akitetemeka, akijikokota. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, ulionyesha kuwa wengi wa waliokutwa na Parkinson walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wanaugua ugonjwa huo.