Upasuaji wa kupunguza uzito: Ulaji wa siri usifichwe kwa daktari

Miongoni mwa matibabu yanayozungumzwa sana majumbani siku hizi ni upasuaji wa kupunguza uzito. Wengi huufikiria kuwa ni jambo la siku moja: mtu huingia hospitali mnene, akatoka amekwisha kupona. Sivyo ilivyo. Matayarisho yake huchukua wiki, na mara nyingi miezi, na sehemu kubwa ya matayarisho hayo ni kuuchunguza ulaji wa mgonjwa. Hapo panahitajika ukweli, na hapo ndipo wengi wanapouficha.

Upasuaji wenyewe

Kuna aina mbili zilizoenea. Katika ya kwanza, daktari huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba mfano wa ndizi. Ya pili asili yake ni kazi ya Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, mwaka 1966: hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba.

Faida zake zimethibitika. Uchunguzi mkubwa ulioanza Uswidi mwaka 1987, uliowafuatilia watu wapatao 4,000, ulionesha kuwa waliopasuliwa walipungua uzito kwa kiasi kikubwa, na vifo miongoni mwao vilikuwa vichache kuliko kwa wenzao wanene wasiopasuliwa. Hata hivyo, tumbo likishapunguzwa, mazoea ya kula hubaki yalivyokuwa. Mtu aliyezoea kula kwa sababu ya huzuni au upweke ataamka kutoka katika usingizi wa dawa akiwa na huzuni ile ile.

Ulaji unaofichwa

Daktari wa maradhi ya akili wa Marekani, Albert Stunkard, ndiye aliyeeleza mwaka 1955 hali ya watu wanaokula sana usiku, na mwaka 1959 akaeleza hali ya kula kwa kupindukia. Mwaka 2013 hali hii ya pili iliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa Marekani kuwa ni maradhi yanayojitegemea.

Dalili zake zinajulikana. Mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akahisi hawezi kujizuia. Hula upesi, hula bila njaa, hula hadi tumbo likamuuma. Aghalabu hujificha kwa kuona haya, na akimaliza hujichukia. Mwenye kula usiku naye huamka nyumba imelala, akaenda jikoni kumalizia wali au mkate, kwani bila hivyo usingizi haurudi. Kuna pia wenye kudokoa: kitumbua kimoja sasa, nusu ya chapati baadaye, karanga za kutafuna jioni nzima, na wakiulizwa husema kwa dhati kwamba hawajala kitu.

Mambo haya huonekana sana kwa watu wanaosubiri upasuaji, nao huyaficha kwa kuhofia kwamba daktari akijua atawakatalia. Hofu hiyo imepita kiasi. Tafiti hazikuthibitisha kwamba kila mwenye tatizo hili kabla ya kupasuliwa hushindwa baadaye, na wapo wengi waliofanikiwa. Linalohusishwa zaidi na uzito kurudi ni kushindwa kujizuia, au kudokoa, baada ya upasuaji. Basi anayesema mapema hutibiwa mapema, kwa ushauri wa mtaalamu wa saikolojia, kwa kurudishiwa nyakati za milo zilizo thabiti, na kwa kuandika katika daftari alichokula na hali ya moyo wake wakati huo. Anayenyamaza huingia chumba cha upasuaji na maradhi yasiyojulikana.

Kukiaga chakula

Kosa jingine ni mgonjwa kusema, "Nikishapasuliwa sitakula tena biriani, acha nishibe sasa." Hula kila siku kama mtu anayeaga. Wengine hukimbilia upande wa pili, wakajinyima mno. Katika jaribio la Minnesota la mwaka 1944 na 1945, vijana 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa miezi kadhaa. Fikra zao zote zikawa ni chakula, na waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakalalamika njaa. Kujinyima kiholela huzaa kula kiholela.

Chakula kidogo ambacho madaktari wengi huamuru, aghalabu wiki mbili kabla ya upasuaji, ni jambo jingine. Hicho hupunguza mafuta katika ini, likanywea, na daktari akaweza kulifikia tumbo kwa usalama. Kukivunja kwa siri ni kumpa daktari kazi ya hatari bila ya yeye kujua.

Wajibu wa jamaa

Nyumba zetu humheshimu mgeni na mgonjwa kwa sahani. Mama mkwe husema, "Mwanangu, mbona hujala? Ongeza." Wifi naye huleta sambusa na chai iliyokolea sukari. Nia zao ni njema, lakini mgonjwa hujikuta anachagua baina ya daktari wake na watu wake. Basi jamaa wazoeane naye mapema: sahani ndogo, kutafuna polepole, kuanza na samaki, kuku au maharage, na kutokunywa pamoja na chakula. Wasimdhihaki, wala wasimpekue kama mwizi, kwani aibu ndiyo inayomrudisha jikoni usiku.

Lipo pia suala la Ramadhani. Tumbo jipya haliwezi kubeba maji mengi wakati wa daku, na upungufu wa maji ni hatari kubwa katika miezi ya mwanzo. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Amuulize daktari wake na mwanachuoni anayemwamini kabla hajafunga, na jamaa wasimtazame kwa jicho la lawama.

Kwa yule anayesubiri siku yake, swali la kujiuliza usiku wa leo ni hili: ni chakula gani ninachokila ambacho sijamwambia mtu? Jibu lake na alichukue kwa daktari katika miadi ijayo. Allah awape afya wagonjwa wetu.